Jina la Kugeukia

"Irankunda!"

Alliance aliendelea kuchambua ndagala kwenye ungo. Alitoa vijiwe, akatoa mchanga, akawatupia kuku kichwa kimoja kilichotafunwa na mende.

"Irankunda! Weye, niko nakuita!"

Mwiko ukaruka, ukamgonga begani. Ndipo alipogeuka na kumwona mama yake, Louise, amesimama mlangoni mwa chumba chao, mikono kiunoni, anahema kama mtu aliyekimbizwa.

"Ukifanya vile kesho, tumekufa. Bakubwa banaita Irankunda, weye unaangalia samaki!"

"Mama, miaka makumi mbili na tatu naitwa Alliance. Sikio haijazoea."

"Izoee leo. Na nikisema Alliance, usigeuke. Umesikia? Usigeuke hata kidogo. Kule kwa biro ya kazi kunaweza kuwa muntu anakujua. Akikuita kwa ile jina, weye angalia mbele tu."

Wakashinda hivyo siku nzima. Louise alimwita akipuliza makaa, akamwita akianika nguo, akamwita hata Alliance akiwa chooni, na sauti ikaitika kutoka kule: "Karibu!" Kufika saa kumi shingo ya Alliance ilikuwa inageuka yenyewe. Louise akamjaribu kwa hila. "Alliance, leta chumvi," alisema polepole. Alliance hakuinua jicho kutoka kwenye moto. Louise akacheka mpaka akakaa chini juu ya kinu. Alliance alikuwa hajamwona akicheka hivyo tangu ziwa lilipopanda na kuingia nyumbani kwao Kavimvira, wakatoka na sufuria mbili na godoro moja kuja kuomba pa kulala hapa mtaa wa Mulongwe, kwa mjomba.

Mpango wenyewe ulikuwa wa huyo mjomba, Cyprien, kaka yake Louise na mwenye nyumba. Shirika moja la maji lilikuwa linatafuta wanawake kumi wa kusimama kwenye mabomba ya mitaa, watie dawa ndani ya bidoni, yale madumu ya watu ya kuchotea maji, na kuwafundisha akina mama namna ya kujikinga na kolera. Lilitaka mwenye diplome ya sekondari. Binti wa Cyprien, huyo Irankunda mwenyewe, alikuwa nayo. Ilikuwa mwaka wa tatu imelala chini ya godoro, ndani ya plastiki. Mara mbili alikwisha kwenda kuhojiwa kwingine, na mara zote mbili ulimi ulimshika. Mara ya pili alilia mbele ya wakubwa, wakampa maji ya kunywa, wakamfungulia mlango.

Alliance yeye alikuwa na cheti cha darasa la sita tu. Lakini mwaka wa pili sasa alikuwa anazunguka Mulongwe na beseni la ndagala kichwani, na mwanamke aliyesema hanunui alikuwa ananunua. Tena wasichana hao wawili wote walichukua sura ya bibi yao, paji pana na mwanya kati ya meno ya mbele. Na kadi ya mpiga kura ya Irankunda, kama kadi nyingi za mjini, ilikuwa imefutika picha. Kilichobaki ni kivuli chenye masikio.

"Utaenda na jina yake," Cyprien alikuwa amesema, wote wamezunguka sahani moja. "Utajibu, utapata. Na kazi utaifanya weye mwenyewe, kwa ile jina. Mushahara, nusu ya kwenu weye na mama yako, nusu ya mwenye diplome."

"Na bakinituma fasi bananijua, mujomba?"

"Muji ni mukubwa. Utaomba Kalundu, kule kwa bandari. Nani anakujua kule?" Akamega tonge la bugali, akalichovya kwenye mboga ya sombe, akamlisha Alliance kwa mkono wake mwenyewe. "Tumemaliza. Ulishakula neno yangu."

Usiku ule wa kuamkia mahojiano, Louise alimsuka Alliance mistari minane ya kurudi nyuma. Alipomaliza akamkalisha Irankunda kwenye kigoda kilekile, akaanza kumsuka mistari minane pia.

"Yeye anaenda wapi?" Alliance aliuliza.

"Kuna harusi," Louise alisema, kitana mdomoni.

"Harusi ya nani?"

"Lala. Kesho macho yako itakuwa nyekundu."

Irankunda alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti ya shangazi yake. Baadaye alileta viatu vyake vyeusi, akavipangusa kwa pindo la kikwembe na kuviweka karibu na godoro. "Usikanyage matope," alisema. "Na usivutevute miguu. Weye unatembeaga kama unabeba kitu kichwani."

"Si nabebaga?"

Wakacheka wote wawili.

Kwenye benchi la biro, ofisi ya lile shirika la maji, walikuwa wanawake zaidi ya thelathini, kila mmoja amekumbatia bahasha. Alliance aliketi bila kuegemea ukuta, ili blauzi ya Irankunda isishike chokaa. Viatu vilimbana. Alirudia moyoni sentensi tatu za Kifaransa alizofundishwa, moja baada ya nyingine, kama mtoto aliyetumwa dukani na kuogopa kusahau.

"Irankunda!"

Alisimama kabla ya neno kwisha.

Ndani walikuwa watu wawili waliotoka Bukavu, mwanaume wa miwani na mama mnene wa umri wa Louise aliyejitambulisha kuwa Madame Generose. Alliance alipokea mkono wake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. Mwanaume aliigeuza kadi huku na huku, akaipeleka kwenye dirisha.

"Hii picha iko wapi?"

"Imefutika, papa. Hata mwenyewe nikijitafuta mule sijioni."

Mwanaume akatabasamu, akaandika. Jasho lilimshuka Alliance mgongoni, lakini uso wake aliuacha palepale. Akasema sentensi ya kwanza ya Kifaransa, akasema ya pili. Alipofungua mdomo kwa ya tatu, Madame Generose akainua mkono.

"Inatosha, binti. Bamama ba kwa robine, ba kuchota maji, habatakuuliza Kifaransa. Tufanye hivi. Weye ni mufundishaji, minye ni mama mwenye bidoni yangu. Dawa yenu sitaki. Inanuka. Na bwana yangu amesema inaharibu uzazi." Akafunga mikono kifuani, akabinua midomo kweli kama mama wa Mulongwe.

Alliance alimtazama. Alikuwa amekutana na mama huyo mara mia, juu ya bei ya ndagala.

"Bwana yako iko na batoto ngapi, mama?"

"Saba."

"Basi hata ingeharibu kidogo, si ungepumzika?"

Mwanaume wa miwani aliangusha kalamu. Madame Generose alijaribu kushika uso wake, ukamshinda.

"Ile harufu, mama, hata minye ilinishinda," Alliance akaendelea, sasa amesahau viatu na blauzi. "Nikawa natia dawa, naacha bidoni wazi nusu saa nikifanya kazi yangine. Nikirudi, harufu imepunguka. Sikulazimishi. Nakuambia kitu moja tu. Mama yangu alishikwa na kolera. Saa sita ya muchana alikuwa anapika, saa kumi nilikuwa nimemubeba mugongoni kumupeleka kwa waganga ba hospitali. Mama yangu ni munene, lakini siku ile alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka kwenye kamba. Nilikuwa naongea naye njia yote ili nijue kama iko. Akinyamaza, namufinya. Sitaki mutoto wako mumoja kati ya bale saba akubebe vile."

Madame Generose alifungua mikono yake polepole.

"Unajua Mulongwe?" aliuliza, si kwa sauti ya mchezo tena.

"Najua kila mulango, Madame. Najua nani anachota kwa robine, na nani anapitiaga nyuma kuchota mutoni juu ya kukosa feza ya kulipa."

"Basi njo huko huko Mulongwe tutakuweka. Fasi ile imetushinda."

Hapo ndipo alipotakiwa kuomba Kalundu. Neno lilikuwa pale mdomoni. Lakini hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia kwamba yeye anafaa mahali palipowashinda watu wa Bukavu, na furaha ilimjaa kifua, akasema, "Asante, Madame."

Madame Generose akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshika mkono tena. "Irankunda," alisema. "Hii jina sitaisahau."

Lisiti, orodha ya waliochaguliwa, ilibandikwa mlangoni pa biro baada ya siku nne. Namba moja: Irankunda. Cyprien alinunua samaki mkubwa, mukeke, akakaangwa na vitunguu, na mjomba mwenyewe akamwekea Alliance kichwa cha samaki, fungu la mgeni wa heshima. Siku ya tatu Irankunda alikwenda kutia sahihi, kwa sababu sahihi ilikuwa lazima ifanane na ile ya kwenye diplome. Baba yake alimsindikiza.

Walirudi adhuhuri. Irankunda alikuwa amevaa jile, kizibao cha buluu cha shirika chenye mifuko minne, na shingoni alining'iniza karatasi yenye jina na picha yake mpya.

"Aba! Inapendeza," Alliance alisema, akanyoosha mkono. "Lete nipime."

Irankunda alirudi nyuma hatua moja.

"Weye, lete basi! Kesho si nitaivaa?"

"Hiyo picha unaiona?" Cyprien alisema, anavua kofia na kukaa. "Ni sura yake. Sasa weye utavaa namna gani?"

"Mujomba, tulisema…"

"Tulisema Kalundu. Nani alibaambia kama unajua kila mulango ya Mulongwe? Minye? Pale kila muntu anakuitaga Alliance wa ndagala. Ukisimama pale na jina Irankunda, siku ya kwanza tumefungwa bote. Umejifunga mwenyewe na mudomo yako."

Jambo la Mulongwe lilikuwa la kweli. Alliance alimtazama Irankunda ili apate kitu usoni mwake, aibu au pole. Irankunda alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha mfuko. Nywele zake zilikuwa bado mpya, mistari minane ya kurudi nyuma.

Ndipo Alliance alipoona. Harusi haikuwepo. Hakuna aliyevaa, hakuna aliyetoka. Mistari minane ilisukwa ili mtu wa biro aliyemwona mmoja siku ya mahojiano asishtuke akimwona mwingine siku ya sahihi. Ilisukwa kabla ya mahojiano. Kabla yeye hajasema neno lolote juu ya Mulongwe.

Akageuza macho kwa mama yake. Louise alikuwa anasonga bugali, amewapa mgongo, anazungusha mwiko kwa nguvu ingawa bugali ilikwisha kuiva.

"Mama."

Mwiko ukazunguka.

"Mama, ulijua?"

"Mvua inakuya," Louise alisema ndani ya sufuria. "Tulale wapi? Sema weye. Tulale wapi?"

Mwezi ukapita. Alliance aliendelea na beseni lake. Nyumbani, Cyprien alipoita "Irankunda!" kutoka barazani, shingo ya Alliance ilikuwa bado inageuka kwanza, na kila mara Irankunda alicheka. "Weye, acha jina yangu," alisema siku moja, kwa mchezo tu, na Alliance akacheka naye, halafu akaenda kulala bila kula.

Kwenye bomba mambo hayakwenda. Irankunda alisoma karatasi ya shirika kwa sauti ya chini, macho chini, na akina mama walipita na bidoni zao. "Huyu anasali ao anafundisha?" walisema. Alliance aliposhusha beseni upande wa pili wa daraja, hatua chache kutoka bombani, walikuja kumuuliza yeye. Dawa inafaa maji ya mtoto? Harufu inatoka baada ya muda gani? Akawajibu. Hakuweza kumnyima mtu jibu la namna hiyo. Usiku mmoja Irankunda alikuja kwenye godoro lao, akachuchumaa.

"Yaya Alliance. Ile ya batoto saba, uliisemaga namna gani?"

Kwa miezi mingi hakuwa amemwita yaya, dada mkubwa. Alliance alimweleza yote, hata mahali pa kunyamaza kidogo. Lakini kesho yake akina mama hawakucheka.

Siku ya mshahara Cyprien hakugawa nusu. Alimletea Louise kikwembe kimoja, cha rangi ya machungwa, kile chepesi kinachochuja rangi siku ya kwanza kufuliwa. "Dada, uvae nawe," alisema. Louise akapiga vigelegele, akakifunga palepale. Alliance alitazama mikono ya mama yake ikipiga fundo kiunoni, akaondoka kwenda kuwapa kuku maji ambayo walikuwa wamekwisha kupewa.

Habari ya ugeni ilikuja wiki iliyofuata. Madame Generose angetoka Bukavu kutembelea mabomba.

"Siku ya ine, ile ya bageni, usionekane pale," Cyprien alisema. "Nenda uuzishe ndagala zako Kalundu."

"Ndiyo, mujomba."

Akaenda Kalundu kweli. Alikaa huko bandarini kati ya wachukuzi na magunia, akauza kidogo, akangoja jua lipite katikati, akangoja tena. Ilisemekana wageni wangefika saa tatu. Saa nane aliona imetosha, akapandisha beseni na kurudi zake. Hakujua kwamba gari la wageni lilikuwa limekwama njiani, na lilifika Mulongwe nusu saa tu kabla yake.

Aliliona alipokwisha kukanyaga daraja. Jeupe, milango wazi. Foleni ya bidoni ilikuwa ndefu, na ndani yake alimwona mama yake na kikwembe cha machungwa. Cyprien alikuwa amemtuma aje acheke kwa sauti pale Irankunda atakapofundisha, ili wengine wamfuate. Kando ya bomba, Irankunda alikuwa ameinama na bomba la sindano, anapima dawa, anairudisha chupani, anapima tena. Madame Generose alikuwa nyuma yake, daftari kwapani, uso umekunjamana.

Alliance akaamua kupita upande wa mbali, haraka, kichwa wima.

"Irankunda!" Madame Generose aliita, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja.

Irankunda hakusikia. Maji yalikuwa yanapiga bati, akina mama wanabishana juu ya zamu. Lakini kule darajani shingo moja iligeuka. Beseni halikuyumba hata kidogo. Ni shingo tu, ikageuka yenyewe kama ilivyofundishwa, na macho ya Alliance yakaingia ndani ya macho ya Madame Generose.

Mama yule alisimama vile. Alimtazama Alliance, akatazama jile, akatazama tena ule mwanya wa meno.

"Wee," alisema. "Kuya hapa."

Alliance akaja. Mtu mmoja kwenye foleni akafunga maji.

"Nani njo Irankunda hapa?"

"Madame," Louise akaruka kutoka kwenye foleni, anatabasamu, mikono inakamata kikwembe, "hawa bote ni batoto betu, bamoja tu, bibi yao ni mumoja…"

"Sijakuuliza weye, mama. Niko namuuliza yeye."

Louise akamtazama binti yake. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti, na Alliance aliisoma vizuri. Mvua. Mvua. Angeweza kusema: ni mimi, nimemwachia jile ndugu yangu leo kidogo, nimeumwa. Foleni nzima ingenyamaza kwa ajili yake. Kazi ingebaki nyumbani, na chumba. Na yeye angebaki wa kugeuka kila jina hilo likiitwa.

Akashusha beseni chini.

"Irankunda ni ule wa jile. Minye naitwa Alliance. Nauzishaga ndagala."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilikudanganya jina, Madame. Ile yangine yote ilikuwa ya kweli."

"Hata ile ya kumubeba mama yako mugongoni?"

"Mama yangu njo ule." Akaonyesha kwa kidevu.

Madame Generose aligeuka akamtazama Louise kwa muda mrefu, kutoka kichwani hadi kwenye kikwembe kipya. Louise aliinamia bidoni yake, akachungulia ndani kama mtu aliyeangusha kitu mle.

"Nilirudi Bukavu nikabaambia juu yako," Madame Generose alisema. Hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemwamini mtu, akadanganywa. "Lakini mule kwa karatasi niliandika jina. Banalipa jina. Siwezi kuweka muntu aliyekaa kwenye kiti mbele yangu kwa jina ya mwengine. Na yule wa jile siwezi kumuacha kwa kazi pia. Namba kumi na moja ataitwa."

Irankunda alivua jile mwenyewe. Alilia akitafuta vifungo, na mama mmoja aliyezoea kumcheka akamsaidia kile cha mwisho. Ikakunjwa, ikaingia ndani ya gari. Gari likaondoka.

"Umefurahi?" Louise alimkamata Alliance mkono. "Leo mangaribi Cyprien atatutupa njiani. Umefurahi? Ungepita tu! Ungenyamaza!"

"Nilipita, mama. Ni weye ulinifundisha kugeuka."

"Nilifanya juu ya nyumba! Juu yako!"

"Ulinisuka," Alliance alisema polepole, "nikiwa nasinzia kwa magoti yako. Halafu ukamukalisha yeye palepale. Ungeniambia tu. Ningeenda hata hivyo. Unajua ningeenda."

Mkono wa Louise ukalegea. Akina mama wa foleni walitazama miguu yao. Alliance akazungusha ngata, akaiweka kichwani, akachuchumaa, akainuka na beseni bila mtu kumtwika. Akashika njia ya daraja.

"Alliance!"

Maji yalikuwa yamefunguliwa tena, lakini sauti ilipita juu ya maji.

"Alliance! Mwanangu!"

Mara ya tatu sauti ilipasuka katikati, kama ile aliyoisikia mgongoni mwake siku ya kolera, siku ambayo alikuwa akiomba isinyamaze. Aliisikia vizuri sana. Akaangalia mbele tu.